Herufi ya Korosho Mkononi mwa Rubani

Tangu nirudi Ruangwa sijamaliza kikombe cha chai kikiwa bado cha moto. Nikikaa tu barazani, mtu huyo. Leo mama na mwanawe, kesho dereva wa bodaboda, keshokutwa mzee mwenzangu wa msikitini na mjukuu wake kamshika mkono. "Eti Mzee, urubani wa jeshi mtu anaingiaje?" Naanza kueleza. Asome fizikia na hesabu, amalize kidato cha sita, ajitolee jeshini, apite mafunzo ya askari na ya uofisa, ndipo apimwe. Hata kwenye kupimwa sijafika, mtu kashanikatiza. "Hayo tunayajua, Mzee. Sisi tunataka ile njia yenyewe." Njia yenyewe! Yaani miaka yote ile kulikuwa na mlango wa uani, mimi kwa ujinga wangu nikapitia mbele.

Na nyinyi wadogo zangu mlioachiwa viti vyetu vya ualimu wa urubani, mlinikera kwa namna yenu. Siku ya kuniaga mkasema, "Afande Soma, tuandikie chochote kuhusu kazi," mkanikabidhi na saa ya ukutani, utadhani mstaafu ana haraka ya kwenda wapi. Haya, naandika. Vyeo sitavigusa, na mshahara kila mtu anaujua wake. Nitaandika yale yaliyonichosha, kwa sababu ndiyo ninayoyakumbuka vizuri, na kwa sababu kuna jambo moja msipolijua mapema litakuja kuwatia hasara.

Mimi ni Mmwera wa Chinongwe, mtoto wa wakulima wa korosho na ufuta. Ndege ya kwanza kuiona kwa karibu niliiona uwanja wa Nachingwea, siku niliyofuatana na mjomba kupeleka kuku sokoni. Ilitua, ikatimua vumbi, akashuka bwana mmoja mwenye miwani myeusi, akaomba maji ya kunywa. Mjomba akampa. Akanywa, akasema ahsante, akapanda, akaondoka. Basi, ndiyo hayo tu. Mtu kaomba maji, mimi nikaamua maisha yangu yote.

Nilidhani rubani anaanza na ndege. Thubutu! Nilianza na matope. Nilikimbia, nikatambaa, nikalala na buti, nikachimba mahandaki ambayo kesho yake tuliambiwa tuyafukie. Baada ya hapo ukaja uofisa, ambako ni kukimbia kulekule ila shati limepigwa pasi. Kijana asiyeliweza hilo asinisumbue barazani. Rubani wa jeshi kwanza ni askari, na jeshi halina shida na mapenzi yako ya mawingu.

Siku ya kwanza chuo cha urubani tulipokewa na Kapteni Mgaya, mwalimu wangu, Mungu amrehemu. Mwembamba kama ufito, sauti ya kukwaruza, na kicheko chake sikuwahi kukisikia. Alitupanga mstari mbele ya karakana ya ndege akauliza, "Nani hapa haogopi kuruka?" Mikono yote juu. Wangu ulikuwa juu kuliko yote, nilitaka aone kwamba watu wa kusini tupo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyefurahi. "Vizuri sana. Mashujaa wote, mifagio ile pale."

Tukaifagia njia ya kurukia mwanzo hadi mwisho, jua la saa saba. Kokoto, skrubu, kipande cha waya, kila kitu kiokotwe, maana kijiwe kidogo kikirushwa na pangaboi kinaweza kuumiza ndege au mtu. Tuliporudi tunatweta, Mgaya akatuambia kwa upole kabisa, "Asiyeogopa hasomi. Na asiyesoma atatuzika." Nilimchukia siku hiyo. Nimekuja kuyasema maneno yake kwa kila darasa nililolifundisha, neno kwa neno, na najua nyie mlikuwa mkiniigiza bwenini.

Kusoma kwenyewe ni kusoma chekilisti. Kadi ngumu, imefunikwa plastiki, unaifunga pajani kwa mpira. Kabla ya kuwasha injini, kabla ya kuruka, kabla ya kutua, unasoma mstari kwa sauti, unagusa kifaa kwa kidole, unajibu. Wiki ya pili nilikuwa nimeikariri yote. Nikaanza kuitiririsha huku nimeangalia mbele, nikingoja kusifiwa. Mgaya akazima injini. "Umeikariri?" "Ndiyo, Afande." "Basi wewe ndiye utakayeruka mstari. Anayesoma hawezi kuruka mstari, anayekariri anaruka na hajui." Akanishusha nikarudi kwa miguu. Mimi nami nilipokalia kiti chake nikawa sina neno jingine ila "Soma!" Ndipo mkanibandika jina hilo. Mnadhani sijui nani alilianzisha. Namjua.

Wanafunzi wagumu nimewaona wa kila aina. Wanaotapika hawanisumbui, kutapika kunapona. Ila ndege ndogo ya mafunzo ina viti viwili ubavu kwa ubavu, na mwanafunzi akitapika mwalimu ndiye jirani yake, kwa hiyo beba mfuko, kijana, usibebe matumaini. Wanaosema Kiingereza cha redio kwa kutetemeka nao wanapona. Mimi mwenyewe Kiingereza changu cha Chinongwe kilimchekesha muongoza ndege mpaka akaniomba nirudie bila sababu. Wanaonimaliza nguvu ni mashujaa. Yule aliyekuja kuonyesha watu wa kijijini kwao kwamba yeye ni dume. Ukimwambia rudi, hali ya hewa mbaya, anakutazama kama umemtukana. Nimewarudisha nyumbani kadhaa, wazazi wao wakanipigia simu kunilaumu. Nilipokea kila simu nikajibu vilevile: bora mwanao anichukie yuko hai.

Sasa nifike kwenye korosho, maana ndiko nilikokuwa naelekea.

Baadaye waliniweka kwenye jopo la kuchagua wanafunzi wa urubani. Kazi ile sikuiomba. Kila mwaka walikuja vijana wa huku kwetu, na kila mwaka walinikata maini. Mwingine wiki ya kupimwa macho alikuwa shambani anampulizia baba yake salfa kwenye mikorosho, akaja na macho mekundu kama pilipili, anashindwa kusoma herufi ya mbele yake. Nikamuuliza, "Hukuona umuhimu wa kupumzisha macho?" Akasema, "Mikorosho ilikuwa imeanza ubwiri, Afande." Ubwiri, ule ukungu mweupe wa majani! Haya, mikorosho ilipona, urubani ukafa.

Lakini salfa ni afadhali, macho hupona. Balaa lilikuwa alama za mikononi. Kwa msiotoka kusini nieleze. Ganda la korosho ghafi lina mafuta makali sana. Ukilipasua ukayapaka kwenye ngozi, ngozi inaungua, inavimba, inabanduka, kisha inabaki alama nyeusi inayokaa miaka. Watoto wa kwetu msimu ukifika wana mchezo wao: kuvunja korosho nyuma ya choo cha shule na kuandikana herufi mikononi. Herufi ya jina, ya rafiki, ya timu ya mpira. Mama atachapa, mwalimu atachapa, mwakani wanaandikana tena. Na jeshi lina sharti lake: asiwe na michoro mwilini. Sheria ni msumeno. Kijana ana macho mazuri, moyo mzuri, hesabu anazicheza, anavua shati, daktari anaandika neno moja tu, kijana anarudi Ruangwa kulima.

Mwanzoni nilitetea. Nikaeleza kwamba hii si sindano na wino, ni utoto wa kwetu. Wakanisikiliza mara moja, mara mbili. Wajanja wa mjini waliochorwa kwa mashine wakasikia, nao wakaanza kusema ni korosho, hata wa mikoa ambayo mkorosho wanauona kwenye picha. Ikafika mahali nikitaja korosho jopo zima linaangua kicheko. Nikienda likizo nilipita shule za Chinongwe na Chunyu nikapiga kelele: msijiandike mikononi, mnajifungia milango! Watoto wakacheka nao. "Afande anaogopa korosho." Sikio la kufa halisikii dawa.

Ndipo akaja Kabula.

Kwao ni Chiola, upande wa Nachingwea, ila wazazi wake ni wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka kanda ya Ziwa, yeye akiwa mdogo. Msichana mrefu, mkimya, anasimama kama aliyepandwa. Tulimkalisha kwenye kiti cha kuzungusha, akazungushwa barabara, kisha akaulizwa hesabu papo hapo. Wengine wote hapo hujibu haraka, na hujibu upuuzi. Kabula akasema, "Naomba nisubiri kidogo, Afande. Bado nazunguka." Nikaweka kalamu chini. Ndani ya wingu mwili unakudanganya kwamba uko sawa kumbe umelalia ubavu, na watu wazima wenye nyota mabegani wamekufa kwa kutokukubali kwamba bado wanazunguka. Huyu binti analijua hilo kabla hata hajaigusa ndege!

Alipokunja mkono wa shati, pale chini ya kiwiko cha kushoto palikuwa na Z, nyeusi, kubwa, imenyooka kama ya ubaoni. Daktari akaandika. Mwenyekiti wetu, Kanali mmoja mtu wa nyanda za juu, mzuri tu ila mchovu, akafunga faili.

"Mchoro. Anayefuata."

"Afande, huo si mchoro," nikasema. "Ni korosho."

"Meja, umeanza."

"Naomba aulizwe tu."

"Kila mwaka korosho! Juzi mmoja kaja na nge begani, mwenye mkia na miguu yote, naye eti korosho. Na huyu si Msukuma? Msukuma na korosho wapi na wapi?" Akamgeukia Kabula. "Haya, binti. Sema."

Kabula akasimama wima. "Tulipohamia Chiola, Afande, nilikuwa sijui Kiswahili vizuri. Shuleni walikuwa wananiita Ng'ombe. Zuhura peke yake ndiye aliyekubali kukaa na mimi dawati moja. Halafu ng'ombe wetu wakaingia kwenye ufuta wa baba yake. Wazee wakapelekana ofisi ya kijiji, na sisi tukakatazwa kukaa pamoja. Zuhura akavunja korosho, akaniandika Z, mimi nikamwandika K. Akasema hata wakitutenganisha, kila mtu anaondoka na mwenzake."

Hakuna aliyecheka. Kanali akakuna kidevu. "Unajuta?"

"Maumivu nayajutia, Afande. Zuhura simjutii."

"Hadithi nzuri," Kanali akasema, na nadhani kweli ilimgusa. "Lakini sharti ni sharti. Siwezi kuwaambia wakubwa nimepitisha mchoro kwa sababu Meja wa Ruangwa amesema ni tunda."

"Tunda ni bibo, Afande. Korosho ni hii ya chini."

"Meja!"

Hasira zikanipanda. Si za kumchukia mtu, ni zile za mtu aliyesema jambo moja miaka na miaka likaonekana porojo. Nikaomba ruhusa, nikaenda nyumbani kwangu hapohapo kambini. Mke wangu alikuwa ameletewa korosho ghafi na ndugu zake, za kukaanga. Nikachukua tatu na kisu kidogo, nikarudi. Mbele ya jopo nikapasua ganda, nikakunja mkono wa shati, nikamwomba Kabula aweke mkono wake karibu nione vizuri, na nikajiandika Z, ukubwa uleule, mahali palepale.

Kanali akasimama. "Meja, una wazimu?"

"Ninao, Afande. Ila tusubiri tuone kama wazimu wangu una wino."

Daktari akashindwa kujizuia, akasema kwa utabibu jambo hilo linapimika. Jina la Kabula likawekwa kiporo mpaka jopo limalize kazi. Mkono ukavimba, ukatoa malengelenge, ukauma mpaka nikawaheshimu watoto wa darasa la nne. Mke wangu alipouona alicheka akakaa chini. "Mtu mzima na mvi zako, unaandikwa mkono kama mtoto!" Kisha kicheko kikakatika. "Na huyo Z ni nani?" Nikamweleza. Akasema, "Mh." Nikaeleza tena. "Mh" ileile. Ndugu zangu, kulishawishi jopo la jeshi kulikuwa rahisi.

Gamba lilipobanduka, daktari akaweka mikono yetu miwili mezani, wa Kabula na wangu, akatazama kwa lenzi, akabonyeza, akatazama tena. Hakuna wino. Ngozi iliyoungua, kama ya kumwagikiwa na uji. Akafuta alichoandika, akaandika "kovu la kuungua." Kovu halizuii mtu. Kanali akatia saini huku anasonya. "Nyinyi watu wa korosho mna akili kweli?"

"Hatuna, Afande," nikamjibu. "Lakini wino pia hatuna."

Mnadhani hapo ndipo nilipopumzika. Wapi! Kabula alipita mafunzo ya uofisa vizuri, akaja kwangu, na ndipo alipoanza kunitoa roho. Kwao binti anamsalimu mzee kwa kupiga magoti. Binti hamkosoi mkubwa, hata mkubwa akikosea anaangalia chini. Adabu nzuri sana, nyumbani. Angani itawazika wote wawili na adabu yao.

Mwalimu kuna wakati hukosea makusudi aone kama mwanafunzi atasema, hilo mnalijua. Siku moja tuko mwanzo wa njia ya kurukia, nikaruka mstari wa flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ndege inyanyuke mapema. Nikauliza, "Tayari?" Nikaona macho yake yanakwenda kwenye flapu, yanakuja kwangu, yanashuka magotini.

"Tayari, Afande."

Nikaigeuza ndege, nikairudisha, nikazima injini.

"Uliona?"

"Niliona, Afande."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ni mkubwa wangu."

"Mungu wangu! Tungekufa kwa heshima!"

Ikawa hivyo kila siku. Nikikosea anaona, na akiona anameza. Nikamgombeza, nikambembeleza, nikamwambia ajifanye mimi ni ndama mkaidi. Siku nyingine akajaribu: "Afande, samahani, naomba kusema kidogo, kama sijakosea, naona kama flapu—" Nikampigia kelele, "Kabula! Njia imeisha! Tumo vichakani, na wewe bado unaomba kusema!" Nikaenda kumwambia mkuu wa mafunzo kwamba huenda nimejiunguza mkono bure. Nilimaanisha. Binti akirudishwa nyumbani, Kanali angeniandama mpaka kaburini, lakini si hilo lililoninyima raha. Nilimwona akilini mwangu akirudi Chiola na ile Z yake, na wale waliomwita Ng'ombe wakiwa barabarani wanamngoja.

Asubuhi moja tu, sijui alikula nini, niliruka mstari, nikauliza, "Tayari?" Akaupiga mkono wangu uliokuwa kwenye wenzo wa kuongezea injini nguvu. "AFANDE, FLAPU!" Nilishtuka nusura nijigonge kichwa. Kisha akaona alichokifanya, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Usizibe," nikamwambia. "Rudia."

"Afande, flapu."

"Zinashuka. Ahsante." Tukaruka. Sikusema neno lingine mpaka tukatua, na nyie mnajua mimi kunyamaza hewani ni muujiza.

Ilipofika siku ya kuruka peke yake, nilishuka, nikafunga mlango, nikapanda kwenye mnara wa kuongozea ndege kama mzee anayesindikiza mwali. Siku zile nimebakiza muda mfupi nistaafu, nimewarusha wengi, na bado siku ya mtu kuwa peke yake silali wala sili. Ndege imesimama mwanzo wa njia. Halafu kwenye redio, kwa vile dole gumba lake lilikuwa limebonyeza kitufe na hajui, kambi nzima ikamsikia anajisomea, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili: "Mafuta, yapo. Mkanda, nimefunga. Afande, flapu! Haya, zimeshuka."

Muongoza ndege akanigeukia machozi ya kicheko yakimtoka. "Afande Soma, unagombezwa na wewe hupo!"

Nikashuka ngazi nikaenda nyuma ya mnara. Nililia. Naandika hivyohivyo, mseme mtakavyo. Alipotua salama nilimsubiri pale ndege zinapoegeshwa, nikamgombeza kuhusu kile kitufe mpaka koo likakauka. Kubana redio si mchezo, kuna wengine angani.

Nikastaafu, nikarudi nyumbani, nikidhani nimemaliza. Majuzi hapa nimekaa barazani na chai yangu, akaja mama mmoja kijana amejifunga kanga, mtoto mgongoni, ameshuka kwenye bodaboda kutoka Chiola. Nikasema moyoni, haya, mwingine wa njia yenyewe. Akapiga hodi, akaamkia, akakunja kanga begani nikaona K mkononi mwake.

"Babu," akasema, "mimi ndiye Z."

Mke wangu akatoka jikoni na mwiko. "Ahaa! Kumbe yupo kweli!" Akamkumbatia yule binti hata kabla hajaketi, akamletea chai, mimi yangu ikapoa.

Zuhura hakuja kusalimia tu. Alisema Kabula alikuja likizo, akapita shuleni akiwa amevaa kombati, akazungumza na watoto vizuri sana. "Ila Babu, njoo mwenyewe uone. Watoto wamepata wazimu. Mimi nawagombeza, wananiangalia mkono, wananinyamazisha."

Tukaenda. Mwalimu mkuu akawakusanya uwanjani darasa la tano na la sita. Nikaanza vizuri, taratibu, kama mstaafu. Nikauliza, "Nani hapa anataka kuwa rubani wa jeshi?"

Mikono ikanyanyuka yote kwa pamoja, na mikono ya mashati ikateremka. Z. Z. Z. Kila mkono wa kushoto niliouona, chini ya kiwiko, Z. Nyingine zimekauka, nyingine bado mbichi na malengelenge. Mmoja alikuwa ameandikwa kichwa chini miguu juu.

"Nani kawaambia mfanye hivi?" Sauti ilinitoka mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia.

"Kabula anayo!" wakajibu.

"Kabula nusura akose kwa sababu hiyo! Mnajifungia mlango wenyewe! Mnaona mkono huu—" Nikavuta juu mkono wa shati niwaonyeshe uchungu wake. Ndipo nikajikumbuka. Shangwe ikalipuka uwanja mzima. "Na Mzee anayo! Na Mzee anayo!" Kijana mmoja mrefu akanieleza kwa subira, kama anayemfundisha mzee wake simu, "Ndiyo yenyewe hiyo, Mzee. Wote mliopita mnayo."

Nilimtazama Zuhura. Alikuwa amejifunika uso na kanga, mabega yanatikisika, sikujua kama analia au anacheka.

Basi wadogo zangu, hilo ndilo nililotaka mlijue. Miaka michache ijayo mtakaa kwenye jopo, na mbele yenu litasimama darasa zima kutoka Chiola lenye Z mkono wa kushoto. Msiandike mchoro. Mwiteni daktari aje na lenzi. Ni korosho, na chanzo ni mimi na utabibu wangu wa hasira. Nimeshasema, msije mkasema sikusema.

Nilikuwa nageuka niondoke, nimechoka mpaka kwenye mifupa, nilipoona mkono mmoja umebaki juu kule nyuma. Mkono mwembamba, mweusi, msafi. Hauna kitu.

"Wewe. Jina lako?"

"Hadija, Mzee."

"Unataka urubani?"

"Ndiyo."

"Mbona wewe huna?"

Akatazama chini. Wenzake wakaanza kumcheka. "Naogopa, Mzee. Inaunguza."

"Njoo hapa mbele," nikamwambia.

Akaja anajikunyata, akidhani anachapwa. Kwenye mfuko wa koti nina chekilisti yangu ya zamani, plastiki imepasuka pembeni, sijui kwa nini bado natembea nayo. Nikamkabidhi, nikamwekea kidole kwenye mstari wa kwanza. "Soma. Kwa sauti. Usiruke." Akaanza kusoma Kiingereza chake cha darasa la tano, neno likimshinda anarudi mwanzo, hasogezi kidole mpaka amelipata.

Wale wengine walikuwa wamenyanyua tena mikono yao, wanangoja nao kuitwa. Nikamuuliza mwalimu mkuu mifagio inakaa wapi. Nilipopanda bodaboda kuondoka, mashujaa wote walikuwa wanafagia uwanja, na Hadija alikuwa amefika mstari wa nne.